Barabara Ikipita Juu, Maji Yapite Wapi?

Swali tunaloliweka mbele yenu safari hii linahusu makalavati. Huenda wengine wakacheka na kusema kwamba gazeti la kanisa limekosa la kuandika mpaka limeingia kazi ya wahandisi. Lakini sisi tunaokaa Katoro twajua kwamba barabara ndiyo iliyoufanya mji huu kuwa mji. Magari ya Geita, Bwanga, Chato na Biharamulo hupita hapa, na soko letu linasimama kwa sababu yanapita. Na kila mvua kubwa inaponyesha twaona pia jinsi maji yanavyohangaika kutafuta njia chini ya barabara hiyo hiyo. Basi twauliza: barabara inapojengwa kuvuka kijito, nayo ikawafaa watu wengi, je, wanaopita juu wana deni lo lote kwa wale wanaokaa chini ya kijito? Na kama deni lipo, ni deni la hisani au ni deni la haki?

Kwanza tuelewane juu ya kijito chenyewe. Watu wengi hudhani kwamba kijito ni ule mfereji mwembamba tunaouona wakati wa kiangazi, ambao mtoto aweza kuuruka. Sivyo. Mfereji ule ni kitanda tu, mahali maji machache yanapolala. Kijito kamili kina kitanda na kina uwanja wake, yaani lile bonde tambarare la pande mbili, lenye udongo mweusi, tunaloliita mbuga. Wazee wa Usukuma waliijua ardhi kwa majina toka kilimani hadi bondeni: luseni, yaani mchanga wa juu, kisha itogolo, udongo wa kijivu unaoshikana chini, na mwisho mbuga. Mtaalamu wa udongo Geoffrey Milne, aliyefanya kazi katika kituo cha Amani, Tanga, miaka ya 1930, alizunguka Afrika Mashariki na kuupanga utaratibu wa namna hii katika nadharia iliyojulikana duniani kote. Wakulima walikuwa wanaujua bila nadharia, nao walijua kwamba mbuga ni mali ya maji kabla ya kuwa mali ya jembe.

Mvua kubwa ikinyesha, kitanda hakitoshi. Maji hutoka, hutandaa juu ya mbuga, hupunguza mwendo, huacha tope lenye rutuba, huzama ardhini polepole, na yanayobaki hurudi kitandani yakiwa yametulia. Ndiyo sababu majaruba ya mpunga yako huko. Ndiyo sababu kisima cha bondeni hutoa maji hata mwezi wa Septemba, wakati visima vya juu vimekwisha kukauka. Kambale huingia katika majani yaliyofunikwa na maji. Na ningu wa Ziwa Viktoria, ambaye vijana wengi siku hizi hawamjui, hupanda mito wakati wa mvua ili kutaga katika nyasi zilizofurika. Kwa hiyo mafuriko ya mbugani si ugonjwa wa kijito. Ndiyo kazi yake.

Sasa lete barabara. Barabara haiwezi kulala juu ya udongo mweusi, ambao huvimba ukilowa na kupasuka ukikauka. Yapasa inyanyuliwe juu ya tuta la moramu, na tuta hilo hulikata bonde zima, toka mteremko huu hadi mteremko ule. Mahali palipo na kitanda huwekwa kalavati moja, au mawili, au matatu. Basi maji yaliyokuwa na nafasi ya kutandaa mita mia moja na zaidi hulazimika kupenya katika mdomo wa mita chache. Juu ya tuta hutokea kiziwa. Maji husimama, na tope lililokusudiwa kwa mashamba ya chini hutua hapo. Upande wa chini maji hutoka kwa nguvu nyingi, huchimba shimo mdomoni mwa kalavati, na kutoka shimo hilo kitanda huendelea kuchimbika mwaka kwa mwaka mpaka kinakuwa korongo. Kitanda kikishazama namna hiyo, maji hayapandi tena juu ya mbuga. Jaruba lililokuwa likinyweshwa na Mungu bila malipo hukauka kando ya korongo lililojaa maji. Na samaki anayetaka kupanda hukuta mdomo wa kalavati ukining'inia juu ya kichwa chake.

Mwenye jaruba huyu hakugombana na mtu. Hakuna aliyeingia shambani mwake na kung'oa hata mche mmoja. Pengine tuta liko mbali naye mita mia tatu. Sheria ya Barabara ya 2007 na kanuni zake zimeweka hifadhi ya mita 30 kila upande toka katikati ya barabara kuu, na aliyekuwamo kwa haki kabla ya hifadhi hiyo huhesabiwa, hupimiwa na kufidiwa. Lakini maji hayasimami kwenye nguzo ya mita 30. Aliyechukuliwa nusu eka kando ya tuta ana karatasi. Aliyekaushiwa eka mbili huko chini hana cho chote cha kumwonyesha mtu, ila shamba lenyewe.

Madhara mengine hayana subira ya miaka. Mwezi wa Machi 2020 maji yaliikata barabara kuu ya Morogoro na Dodoma mahali paitwapo Kiyegeya, na magari yakakwama pande zote mbili, hata yale ya kuja huku kwetu. Usiku wa kuamkia tarehe 29 Aprili 2024, karibu na Mai Mahiu nchini Kenya, maji yalikusanyika nyuma ya tuta la reli, kwa kuwa njia ya maji iliyo chini ya tuta ilikuwa imezibwa na magogo, mawe na tope. Tuta likaachia gizani. Watu zaidi ya 40 walikufa, wengi wao wakiwa wamelala. Tuta likikaa kimya kwa muda mrefu, walio chini yake husahau kwamba ni ukuta wa bwawa ambalo hakuna aliyekusudia kulijenga.

Sasa mtu mwenye akili atatujibu hivi: “Nchi yetu haina fedha nyingi. Fedha za kuweka makalavati matano zaidi katika bonde moja, na kupanga mawe, na kurudisha udongo na majani, zingeweza kufikisha barabara mbele kwa mwendo fulani, na huko mbele yuko mama mjamzito anayebebwa kwenye baiskeli. Wenye majaruba bondeni ni kumi. Watakaopita barabarani ni maelfu. Je, kumi wawazuie maelfu?” Hoja hii ni nzito, wala hatutaki kuipita kando kama yule kuhani na yule Mlawi. Wanaojua njia ya kutoka Ushirombo kupitia Nyikonga hadi huku wakati wa masika hawahitaji kuelezwa maana ya kukosa barabara nzuri. Barabara huokoa maisha. Tunayasema hayo kwa moyo wote.

Lakini tazameni jinsi hoja yenyewe ilivyopangwa. Inaweka faida ya maelfu upande mmoja na hasara ya kumi upande wa pili, kisha inapima. Haiulizi kama wale kumi walikubali kulipa. Maana hivyo ndivyo ilivyo hasa: wale kumi wamelipa sehemu ya gharama ya barabara, tena sehemu kubwa kuliko mtu ye yote, nao hawakuulizwa. Tajiri anayepita kwa gari hakutoa shamba. Mjane wa bondeni ametoa. Kama barabara ni ya maelfu, haki yataka maelfu waigharimie. Na maelfu wakigawana gharama ya makalavati matano, kila mmoja hubeba kidogo mno. Kusema kwamba hasara ni ndogo kwa sababu waliopata hasara ni wachache ni kufanya hesabu upande mmoja wa daftari.

Katika kitabu cha Kutoka, sura ya 21, iko sheria ya mtu aliyefukua shimo asilifunike, na ng'ombe au punda wa mwenziwe akatumbukia. Hapa kwetu kwenye maduara ya dhahabu sheria hiyo haihitaji mfasiri. Sheria haimwulizi mwenye shimo kama shimo lake lilikuwa na faida. Huenda lilikuwa kisima kilichoufaa mtaa mzima. Haimwulizi kama alikusudia mabaya. Yauliza ni nani aliyelifungua na kuliacha wazi, huyo alipe. Tena aliyelipa humchukua mnyama aliyekufa, awe wake. Jambo hili dogo twaona ni la maana sana, kwa sababu laonyesha kwamba hayo si adhabu. Adhabu humwangukia mkosaji. Malipo haya humwangukia hata mtu mwema aliyefanya kazi nzuri na kuiacha kabla haijakwisha.

Na katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, anayejenga nyumba mpya anaagizwa kuweka ukingo juu ya dari, mtu asije akaanguka. Sheria ya kwanza yahusu kulipa baada ya madhara, na hii ya pili yahusu kuyazuia kabla. Hii ya pili yasema kwa njia yake kwamba nyumba isiyo na ukingo haijakwisha kujengwa, hata kama mwenyewe amekwisha kuhamia. Sisi twaona barabara ni vivyo hivyo. Magari kuanza kupita si mwisho wa ujenzi. Barabara imekwisha pale maji nayo yanapopita kama yalivyokuwa yakipita, au karibu na hivyo kadiri mwanadamu awezavyo.

Kwa hiyo jibu letu ni kwamba deni lipo, nalo ni la haki. Tofauti yake na hisani si ya maneno tu. Hisani hupimwa na mtoaji. Yeye huchagua kiasi na siku, na apokeaye hushukuru. Haki hupimwa kwa hasara ya mdai. Tumezoea kuona katika mikutano wananchi wakipiga makofi na vigelegele kwa jambo ambalo walikuwa wanalidai. Kushukuru si vibaya, lakini mtu akizoezwa kushukuru kwa kilicho chake, baadaye ataona haya kukidai.

Ni nani basi mwenye shimo? Mkandarasi aweza kusema alifuata michoro. Mhandisi mshauri aweza kusema michoro ilifuata fedha. Wakala, yaani TANROADS kwa barabara kuu na za mikoa, na TARURA kwa zile za vijijini na mitaani, aweza kusema fedha hupangwa na Serikali. Na Serikali itasema fedha ni za wananchi. Kila mmoja amesema kweli, na mwisho wa mzunguko huo twajikuta sisi wenyewe tunaopita. Kila lita ya petroli na dizeli hukatwa tozo inayokwenda katika Mfuko wa Barabara. Anayepanda basi kwenda Mwanza au Kahama hulipa tozo hiyo ndani ya nauli. Fedha hiyo ni ya kutunza barabara, na kalavati ni sehemu ya barabara. Basi deni si la mtu wa mbali. Lina njia ya kulipiwa, na njia hiyo tayari inapita mifukoni mwetu.

Huenda afisa mmoja akatuambia: “Huyo mnayemtetea hana haki yo yote. Amelima ndani ya mita 60 toka ukingo wa mto, na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 imekataza.” Ni kweli kwamba sheria imekataza shughuli ziwezazo kuharibu ukingo ndani ya mita hizo, wala hatusemi watu waivunje. Ila sheria hiyo yalinda kijito, haimlindi greda. Haiwezekani jembe la mkono likatazwe bondeni kwa kuwa laharibu, kisha kijiko cha mashine kipite hapo hapo, kizibe njia ya maji kwa tuta la mchepuko na kuliacha hivyo baada ya kazi. Atakayeshika kifungu kwa mkono mmoja akishike kwa mikono yote miwili. Tena mbuga mara nyingi ni pana kuliko mita 60, na walioko nje ya mpaka huo wanaumia vile vile.

Swali linalotusumbua zaidi ni hili: kama bonde litarudishwa, lirudishwe katika hali gani? Mabonde ya hapa si bustani ya Edeni. Yamelimwa, yamelishwa ng'ombe, yamechimbwa mchanga wa matofali, na mahali pengine yamechimbwa dhahabu. Panapochenjuliwa dhahabu kwa zebaki, tope la bonde hubeba zebaki, na kulifukua ovyo ni kuisambaza. Nani atasema kijito kilikuwaje miaka mia iliyopita, ili mkandarasi akirudishe huko? Twadhani hakuna awezaye, wala si lazima. Anayelipa ng'ombe aliyetumbukia shimoni hatakiwi kumfufua ng'ombe yule yule. Kinachodaiwa ni ile kazi iliyozuiwa: maji yapate tena nafasi ya kutandaa, kupumzika na kuzama.

Na kwamba ardhi ikipewa nafasi hujirudia, sisi wa kanda hii tuna ushahidi. Shinyanga ilikuwa imekwisha kuwa kama jangwa, na mwaka 1986 Serikali ikaanzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI. Miti ilipandwa, lakini kilichofaa zaidi kilikuwa desturi ya zamani ya Wasukuma ya ngitili, yaani kutenga malisho na kuyaacha yapumzike msimu wa mvua. Mpaka mradi ulipofungwa mwaka 2004, hekta zisizopungua 300,000 zilikuwa zimerudi kuwa na majani na miti. Kilichotakiwa hapo kilikuwa ua na subira, na watu wa mahali wenyewe kukubaliana.

Bondeni kazi hiyo ina sura yake. Udongo wa juu, ule mweusi wenye mbegu na mizizi, uondolewe kwanza na kuwekwa kando, usichanganywe na moramu. Kazi ikiisha urudishwe juu. Tuta la mchepuko liondolewe lote hadi usawa wa mbuga, kwa maana hata kipande kidogo kikibaki hugeuza maji. Yawekwe makalavati ya ziada pembeni, mbali na kitanda, kwa ajili ya maji ya mbugani, hata kama kiangazi yataonekana hayana kazi na watu watasema ni upotevu. Kalavati la kitandani lilazwe chini kidogo ya usawa wa kitanda ili mchanga ulale ndani yake na samaki apite. Mdomoni pawekwe mawe au gabioni, maji yavunjwe nguvu. Kingo zipandwe matete na nyasi za hapo hapo, si miti ya kupendeza machoni. Hakuna hata moja katika hayo lisilojulikana na wahandisi wetu. Miradi mikubwa hufanyiwa tathmini ya athari kwa mazingira kabla ya kuanza, na mengi ya mambo haya huandikwa humo vizuri kabisa. Ugumu huja mwishoni, fedha zinapokuwa zimepungua na wote wanatazama lami.

Mgodi mkubwa hutakiwa kuwa na mpango wa kufungwa na kuweka dhamana ya kurudisha ardhi. Barabara haifungwi, na pengine ndiyo sababu kurudisha bonde lake husahauliwa. Hakuna siku inayoitwa siku ya mwisho. Ipo siku ya kukabidhi, na baada yake kipindi cha matazamio, mara nyingi mwaka mmoja, ambacho mkandarasi bado anawajibika kwa kasoro. Mwaka mmoja unaweza kuwa wa mvua haba. Kitanda kitaonekana salama, cheti kitatolewa, na mafuriko yatakuja mwaka wa tatu.

Nabii Ezekieli, sura ya 34, anawakemea kondoo walionona ambao hunywa maji safi kisha huyavuruga kwa miguu yao, na wenzao waliodhoofika wakabaki kunywa yaliyovurugwa. Mara nyingi mahubiri huishia kwa wachungaji wabaya walio mwanzoni mwa sura hiyo. Lakini hapa Bwana anasema na kondoo, na hoja yake ni juu ya nani yuko juu ya maji na nani yuko chini. Wala tusidhani aliye chini yuko karibu nasi daima. Kusini mwetu maji ya mto Nikonga hayaendi Ziwa Viktoria. Hushuka hadi mabwawa ya Moyowosi, kisha Malagarasi, na mwisho Tanganyika. Tukiuliza jirani ni nani, kijito kimoja chaweza kutujibu kwa kututajia mvuvi wa Kigoma.

Limebaki jambo la mashimo ya kuchotea moramu, nalo si dogo. Yakiachwa wazi hujaa maji, huzalisha mbu, na watoto hufa maji humo. Mkataba mara nyingi hutaka yafukiwe au yasawazishwe. Lakini mahali pengine wafugaji huomba shimo liachwe liwe lambo la kunyweshea ng'ombe wakati wa kiangazi, na ombi lao lina maana. Likiachwa, kingo zake zipunguzwe mteremko upande mmoja ng'ombe ashuke na kupanda, pawekwe uzio wa minyaa au katani upande wa nyumba, na ijulikane kwa maandishi ni nani mwenye shimo tangu siku hiyo. Kama hapana aliye tayari kuandikwa jina, lifukiwe. Hayo yaulizwe katika mkutano wa kijiji wakati kijiko bado kiko eneo la kazi, maana kikishapakiwa juu ya lori hakuna jembe litakalolifukia shimo lile.